Mig1: Protini Inayozima Jeni kwa Msaada wa Wenzake

Wakati korosho ghafi zikisubiri meli katika Bandari ya Mtwara, mabibo hukamuliwa vijijini, na maji yake yenye wingi wa glukosi na fruktosi huachwa yachachushwe na hamira hadi yawe pombe iitwayo uraka. Hamira iliyochunguzwa kuliko zote, Saccharomyces cerevisiae, ikikuta glukosi nyingi namna hiyo huizima jeni ya SUC2, yenye maelekezo ya kuunda invatesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa. Kinachozuiwa hapo ni unukuzi, yaani kutengenezwa kwa nakala ya RNA kutoka kwenye DNA.

Mshikaji wa DNA katika kazi hii ni Mig1, protini iliyoelezwa na Nehlin na Ronne mwaka 1990, yenye vidole viwili vinavyoshikiliwa na atomu za zinki, ambavyo hung'ang'ania kipande cha DNA chenye herufi za G na C nyingi kando ya jeni. Je, kushika tu kunatosha kuzima? Jibu lilitolewa mwaka 1995 na Treitel na Carlson, waliounganisha Mig1 na LexA, protini ya bakteria isiyo na kazi yoyote ya asili ndani ya hamira, kisha wakapandikiza maeneo yanayoshikwa na LexA mbele ya jeni ya majaribio ambayo zao lake hupimwa kwa rangi. Penye glukosi, jeni hiyo ilizimika. Lakini katika hamira zisizo na protini iitwayo Ssn6, Mig1 ileile haikuishia kushindwa kuzima, bali iliiwasha jeni. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba Mig1 huteua mahali tu, na kwamba uzuiaji wenyewe hufanywa na Ssn6 ikishirikiana na protini nyingine, Tup1.

Glukosi inapopungua, kimeng'enya Snf1 huibandika Mig1 fosfati, nayo hutolewa nje ya kiini cha seli. Safari hiyo ilionekana kwa hadubini mwaka 1997, Mig1 ilipounganishwa na protini inayong'aa kijani.

Namna Tup1 inavyozuia ilibishaniwa kwa muda mrefu. Wapo waliozisisitiza histoni, protini zinazozungukwa na DNA, ambazo mikia yake hushikwa na Tup1. Mwaka 2011, Wong na Struhl walionyesha kwamba kazi yake kuu ni kuifunika sehemu ya kuwasha iliyomo katika protini ileile iliyoshika DNA, na maelezo hayo ndiyo yanayolingana vyema na jaribio la 1995.