Fisi wa Ngano na Fisi wa Kweli

Neno kuhifadhi lina kazi mbili katika Kiswahili. Mwanafunzi wa madrasa huhifadhi sura. Serikali huhifadhi mbuga. Maana zote mbili ni kukilinda kitu kisipotee, lakini katika maandishi yanayowalenga watoto wanaoishi jirani na wanyamapori, ya kwanza mara nyingi huimeza ya pili. Mtoto hupewa sentensi za kukariri: wanyama ni urithi, wanyama huleta fedha za kigeni. Anayeihifadhi sentensi si lazima amhifadhi mnyama.

Udhaifu huo umo hata katika majina. Klabu za mazingira za wanafunzi nchini Tanzania zimeitwa Malihai tangu miaka ya 1980. Nusu ya pili ya jina humpa mnyama pumzi; nusu ya kwanza huzua swali isilolijibu: mali ya nani? Mtoto ambaye wazazi wake hukesha wakipiga madebe ili tembo wasiingie shambani hulijua swali hilo kabla ya kujua kusoma. Kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia ni sitiari kwa wengine. Kwake ni habari ya mahindi.

Ngano za jadi zina nguvu kuliko vitabu hivyo, na hatari pia. Fisi wa ngano ni mlafi na mpumbavu, naye Sungura humtia aibu kila mara. Anayechekwa hapo ni binadamu mroho; msimulizi hakukusudia somo la baiolojia. Hata hivyo msikilizaji hukua na fisi huyo moyoni. Mfugaji anapoutia mzoga sumu kulipiza kisasi kwa simba aliyeua ng'ombe, hufa pia fisi na tumbusi, ambao ndio wasafishaji wa nyika. Simba hupata wa kumlilia. Fisi alikwisha kuhukumiwa na hadithi.

Suala hili limevuka bahari pamoja na lugha. St. Louis Park, kitongoji cha Minneapolis, kina Westwood Hills Nature Center, hifadhi ya manispaa yenye ekari zipatazo 160 za msitu, kinamasi na ziwa, na jengo la elimu lililofunguliwa mwaka 2020. Nguvu ya mafunzo ya vituo vya aina hii ni kutanguliza jicho: mtoto huziona nyayo kwenye theluji kabla ya kuambiwa la kufikiri. Mzazi Mswahili wa huko anayesimulia ngano za Fisi jioni hana haja ya kuziacha. Akimuuliza mwanawe koyote wa mtaani anakula nini hasa, mtoto atajifunza kutenganisha mnyama na sifa aliyobandikwa.

Lakini mbinu hiyo haihamishiki nzimanzima. Kulungu wa Minnesota akivamia bustani, hula maua. Tembo wa kando ya Serengeti hula chakula cha mwaka. Kumtaka mtoto wa pili apende kama wa kwanza ni kumdai asichodaiwa mwenzake. Fasihi inayomstahili itamtaja tembo pamoja na hasara yake, itaeleza nani hulipa na nani hufaidi, na itamwachia nafasi ya kukasirika. Bila hayo, atahifadhi somo hadi siku ya mtihani tu.