Piano Isiyotaka Kuhama

Masaka, huku Kicukiro, Kigali, mwisho wa mwezi haupiti bila kuona lori dogo limeegeshwa mteremkoni, magodoro yakipakiwa. Basi hapa mtu hahitaji kuelezwa sana kisa cha "Moving Day", katuni ya Disney ya mwaka 1936. Mickey na Donald wanadaiwa kodi ya miezi 6. Pete, jitu lenye beji ya serikali, amekuja kuwafukuza na anataka kunadi vyombo vyao. Wanaamua kuvitorosha kabla hajarudi, wakisaidiwa na Goofy, mleta barafu.

Vurugu za Donald, aliyegandwa makalioni na kile kipira cha kuzibulia choo, zinachekesha, lakini zinafanana na nyingine za wakati ule. Kipande cha piano ndicho ninachokirudia. Goofy anaisukuma hadi ndani ya lori; akigeuka tu, inateremka kwenye ubao na kurudi nyumbani. Anaipandisha tena. Inashuka tena.

Aliyekichora ni Art Babbitt. Mwaka 1934 aliwaandikia wenzake uchambuzi mzima wa tabia ya Goofy: mwenye matumaini yasiyoisha, mwepesi wa kuamini, akili ikimjia kwa kuchelewa. Hapa unaiona ikichelewa. Pete yuko njiani, sisi roho juu, naye Goofy anasimama na kuwaza. Filamu hupitisha picha 24 kila sekunde, na mhusika aliyesimama akichorwa vibaya hufa papo hapo kwenye skrini. Kukimbia kunasamehe makosa mengi, kuwaza hakusamehi. Babbitt anamwachia Goofy muda wote anaouhitaji, na sijui ni wakubwa wangapi wa studio leo wangemvumilia.

Piano nayo hakuipa macho wala mdomo. Ujanja wake wote uko katika kungoja: haisogei mpaka Goofy asiwe anaitazama.

Kigali tumelelewa na agasobanuye, filamu zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda juu ya sauti zake za asili, na msimulizi marehemu Yanga aliweza kuitia chumvi sinema yoyote ikanoga. Mbele ya piano hii, nadhani, hata yeye angezima kipaza sauti.

Mwishoni Pete anawasha moto ndani ya nyumba iliyojaa gesi, na nyumba inalipuka. Mlipuko ule, mchoraji yeyote hodari wa studio ile angeuweza.