Uongo wa Sumaku na Mashahidi wa Mota

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ile nyepesi inayowajenga wanariadha huzinyima pumzi pikipiki za petroli. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Pikipiki iliyokuwa na nguvu kamili Mombasa ikifika mtaa wa Munyaka, Eldoret, imekwisha kupoteza karibu moja ya tano. Fundi wa jua kali analijua hilo bila kuhesabu. Hufungua kabureta, akabadilisha jeti, akaongeza meno ya sproketi ya nyuma, na mitungi ya maziwa ikapanda mlima. Haombi ruhusa ya mtu.

Mota ya umeme haipumui. Nguvu iliyo nayo Likoni, Mombasa, ndiyo iliyo nayo Munyaka. Ndani yake, hata hivyo, kuna kompyuta ndogo iliyokwisha kuambiwa mipaka: kasi gani isipite, ampea ngapi isizidishe. Mipaka hiyo imeandikwa katika programu iliyopachikwa ndani ya mota, na siku hizi programu hiyo hubadilishwa kwa simu, jinsi WhatsApp inavyosasishwa. Anayetaka mota yake ikimbie zaidi inambidi kwanza aidanganye kompyuta. Mchezo wote wa vifaa vya kuongeza kasi umejengwa juu ya uongo huo.

Pa kuanzia ni Ulaya, kwa kuwa huko ndiko uongo ulikofanywa biashara. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaitambua baiskeli ya umeme kuwa baiskeli ikiwa mota yake haizidi wati 250 na inaacha kumsaidia mwendeshaji akifika kilomita 25 kwa saa. Ikipita hapo inahesabiwa kuwa pikipiki ndogo, na mwenyewe atadaiwa bima. Mota huijua kasi kwa njia rahisi mno: sumaku hufungwa kwenye spoki ya gurudumu la nyuma, na sensa iliyo kwenye fremu huhesabu kila inapopita. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2 likizunguka mara tatu na ushei kwa sekunde, hiyo ndiyo kilomita 25 kwa saa, na msaada hukatwa.

Wajanja wa mwanzo hawakununua chochote. Waliing'oa sumaku kwenye spoki wakaibandika kwenye kranki ya pedeli. Mtu akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, kompyuta hupiga hesabu yake na kuona kilomita 8 kwa saa, hata kama baiskeli inateremka kwa 40. Msaada haukatiki kamwe. Waliotaka usafi zaidi walinunua kijisanduku cha kuchomeka kati ya sensa na mota, kinachomeza mdundo mmoja kati ya kila miwili. Kilomita 50 zikaonekana 25.

Njia ya mwongo ni fupi, na kampuni ya mota ya Bosch ndiyo iliyoifupisha. Kuanzia mota zake za modeli ya mwaka 2020, programu iliacha kumwamini shahidi mmoja. Mota iliyo katikati ya baiskeli ina ushahidi mwingi ambao zamani haikuutumia kwa kazi hii: mwendo wa pedeli, nguvu ya mguu, mzunguko wa mota yenyewe, umeme unaotoka kwenye betri. Mnyororo huviunganisha vyote na gurudumu, na mnyororo hauna maneno mengi. Baiskeli yenye meno 38 mbele na gia za nyuma za meno 11 hadi 50, ikikanyagwa mizunguko 80 kwa dakika, inaweza kwenda kilomita 8 au 36 au popote katikati, ikitegemea gia. Haiwezi kwenda 4. Sensa ikisema 4, kuna mtu anadanganya, na si pedeli.

Mgumu zaidi ni yule mwongo anayebaki katikati ya 8 na 36. Gia haimfichui, lakini kazi humfichua. Mguu na mota zikitoa nguvu nyingi kwa dakika kadhaa huku kasi ikisemekana ni ya mwendo wa pole, baiskeli hiyo ama inapanda mlima mrefu sana au ina kifaa. Milima ina mwisho. Mpanda miinuko ya Elgeyo kwa baiskeli atabisha, naye ana haki, ila hata bonde la Kerio lina ukingo wake juu.

Programu ikijiridhisha, skrini huonyesha msimbo wa hitilafu 504 na msaada wa mota hupungua. Mwendeshaji hutakiwa kuendesha dakika 90 bila udanganyifu ndipo hali irudi kawaida. Akinaswa mara ya tatu, lazima aipeleke baiskeli kwa fundi aliyeidhinishwa, ajieleze uso kwa uso. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Faini ya serikali humfikia aliyekamatwa barabarani tu, na Ufaransa iliiweka hadi yuro 30,000 na kifungo cha hadi mwaka 1 kwa sheria ya Desemba 2019. Ile 504 inamkuta kila mkosaji, nyumbani kwake, bila polisi.

Waliouza vijisanduku hawakufunga maduka. SpeedBox ya Czechia na wenzake waligundua kwamba kifaa nacho ni kompyuta, na kompyuta husasishwa. Kifaa kipya hakikati midundo kijinga; huacha kasi ya kweli ipite hadi karibu na mpaka, kisha huibana kidogo kidogo ili takwimu ziendane na pedeli. Mnunuzi akajikuta ameoa wake wawili wasiosemezana: mota inasasishwa na mwenye mota, kifaa kinasasishwa na mwenye kifaa, na asubuhi anapobonyeza kitufe cha kusasisha hajui ni nani kati yao atakayeamka na kinyongo. Bosch ilipozindua mfumo wake mpya mwaka 2021, pamoja na programu ya simu iitwayo eBike Flow, masasisho yakawa ya hewani. Tangu hapo ushauri wa kwanza wa wauza vifaa umekuwa mmoja: usisasishe kabla hatujakwambia. Mtu huyo huyo anakosa marekebisho ya betri na breki kwa ajili ya kilomita 10 za ziada.

Baiskeli za namna hiyo si za kuonekana kila siku Munyaka. Kinachofika kwa fundi ni seti za bei nafuu kutoka China: rimu yenye mota katikati, kontrola ya kufunga kwenye fremu ya baiskeli ya Black Mamba, skrini ndogo, betri. Hapa hakuna sasisho. Kontrola ikitoka kiwandani imetoka. Uongo wake nao ni wa kizamani, na mwingine hauhitaji hata senti. Skrini huuliza ukubwa wa gurudumu. Mwenye rimu ya inchi 26 akijibu kwamba ni 20, kompyuta itasoma 25 huku baiskeli inakimbia kilomita 32 na nusu.

Uongo wa pili unahitaji solda. Ndani ya kontrola kuna kipande kinene cha waya, na umeme wote wa mota hupita humo. Kompyuta hupima ampea kwa kuangalia volti ndogo inayojitokeza kati ya ncha zake. Fundi akikipaka solda, ukinzani wake unapungua na volti inapungua nao. Kompyuta inaamini inatoa ampea 15 wakati zinapita 20. Mlima unapandika. Hakuna sasisho litakaloona jambo hilo milele, ila transista za kontrola zinaliona, kwa kuwa hazikuhesabiwa kwa joto hilo, na gunia la viazi likipandishwa mara chache kontrola inanuka. Ulaya uongo unakamatwa na programu. Hapa unakamatwa na moshi.

Kwa hivyo ni makosa kudhani kwamba mwendeshaji wa Munyaka yuko huru kwa kuwa mota yake ni bubu. Na uhuru huo wenyewe unapungua kutoka upande ambao wengi hawakuutazama, upande wa betri.

Bodaboda za umeme zilizoenea Kenya tangu kampuni ya Ampersand ilipoingia kutoka Rwanda mwaka 2022 na Spiro ilipozinduliwa Mombasa mwaka 2023 zina mpango tofauti kabisa na wa Bosch. Mwendeshaji humiliki pikipiki, betri ni ya kampuni. Ikiisha, hupelekwa kituoni ikabadilishwa kwa dakika chache, na iliyotoka kwake itamwendea mwingine. Roam, iliyoitwa Opibus hadi mwaka 2022, ilichagua njia nyingine: betri ya Roam Air inabebeka na huchajiwa kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani. Lakini popote betri inapomilikiwa na kampuni, kufuli lenye maana halikai kwenye mota. Betri ya kisasa ina kompyuta yake inayosimamia seli, na ndiyo inayoamua itoe ampea ngapi.

Fundi anaweza kuifungua kontrola ya pikipiki hiyo, akaipaka solda, hata akaibadilisha yote kwa yenye nguvu zaidi. Mota itaomba umeme mwingi, na betri itakata. Si kwa sababu ya sheria ya kasi; Ulaya inalinda barabara, hapa inalindwa mali. Sababu yenyewe ina mantiki: betri iliyokamuliwa na mmoja huchakaa, na uchovu wake anaukuta mwendeshaji wa kesho ambaye hakushiriki raha ya jana.

Shida ni kwamba mpaka ule ule wa ampea unaweza kusogezwa kutoka ofisini. Sasisho likipunguza ampea ili seli zidumu mwaka zaidi, mwenye pikipiki ataligundua akiwa na abiria mlimani, atadhani mota imechoka, ataipeleka kwa fundi, na fundi ataifungua asione kitu. Kwa kabureta, mabadiliko yalionekana kwa macho. Wakulima wa Marekani walipigania jambo linalofanana na hili kwa matrekta, hadi John Deere ikatia saini mkataba wa maelewano na shirikisho lao mwezi Januari 2023 kuhusu haki ya kupata zana za kuchunguza mashine. Wakulima wa ngano wa Uasin Gishu wana matrekta ya jina hilo hilo.

Kwa bodaboda hitaji ni dogo kuliko hilo. Ujumbe mfupi kwa Kiswahili, kabla ya sasisho, unaosema ampea zilikuwa ngapi na sasa ni ngapi, ungemwezesha fundi wa Munyaka kumwambia mteja kwa yakini kwamba mota yake ni nzima, amrudishie bila kuifungua, na amtoze bei ya kuangalia tu.