Bwana Afya na Bwana Msa: Njia ya Muhammed Said Abdulla Kuelekea Riwaya

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kumtaja Muhammed Said Abdulla (1918–1991) kuwa mwasisi wa riwaya ya upelelezi, na papo hapo kumhukumu kuwa mwigaji wa Arthur Conan Doyle. Athari hiyo haikanushiki: Bwana Msa ana kiko chake, na ana Najum wa kumwandama na kustaajabu, kama Holmes alivyo na Watson. Hata hivyo, hoja ya uigaji inaeleza umbo tu. Haitwambii ni kwa nini umbo hilo lilimkaa vyema mwandishi aliyechapisha riwaya yake ya kwanza karibu na umri wa miaka 42.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa afya, yaani bwana afya, na kazi hiyo akaifanya kwa miaka kumi. Tuizingatie kazi yenyewe. Bwana afya huingia majumbani mwa watu bila ya kualikwa. Hufunua mitungi, huchungulia visima, huuliza nani analala wapi. Wenyeji humkirimu kwa maneno na kumficha mambo. Wao wakisema maradhi yameletwa na shetani, yeye hana budi kuyatafuta maji yaliyotuama. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), Bwana Msa anafanya kazi iyo hiyo: penye maiti na mzimu, yeye hutafuta mkono wa binadamu. (Doyle naye alikuwa daktari, na hakuna anayelitaja hilo kwa kumshushia hadhi.)

Mwaka 1948 Abdulla aligeukia uandishi wa habari. Alihariri gazeti la *Zanzibari*, kisha akawa mhariri msaidizi wa *Al-Falaq*, *Al-Mahda* na *Afrika Kwetu*. Yafaa ikumbukwe kwamba *Al-Falaq* lilikuwa sauti ya Jumuiya ya Waarabu, ilhali *Afrika Kwetu* lilisimama upande wa Waafrika. Yamkini aliyepitia meza zote mbili alizoea kulisikia tukio moja likisimuliwa kwa namna mbili zisizopatana; na mahojiano ya Bwana Msa, ambayo kwa maoni yetu ndiyo uti wa mgongo wa riwaya zake, yamejengwa juu ya mazoea hayo. Usemaji wa wahusika hutangulia vitendo vyao. Msomaji anayetaka mbio na bastola atachoka mapema.

Ushindi wake katika shindano la hadithi la Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki, 1957–58, haukumfanya mwandishi wa kudumu. Mwaka 1958 alishika uhariri wa *Mkulima*, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 1968. *Kisima cha Giningi* ilitoka mwaka huo huo, na baina ya 1973 na 1976 zikafuatana riwaya nne.

Hapa ndipo wasifu unapozaa swali gumu zaidi kuliko lile la Doyle. Mtu huyu aliyahudumia magazeti ya kambi zilizokuja kupambana, na Mapinduzi ya 1964 yalimkuta katika meza ya *Mkulima*. Lakini Bwana Msa hupeleleza nasaba, ndoa na urithi, hapelelezi mamlaka. Wanaouita ukimya huo woga wanapaswa kwanza kuonyesha kwamba bwana afya aliwahi kuwa na ruhusa ya kukagua ikulu.