Meza Asiyoiweza Delia
Hapa Mafia, kama bara, mke anayepigwa huambiwa avumilie, nasi wachungaji tumeyasema hayo. Ndiyo maana tuliisoma kwa aibu hadithi fupi ya Mmarekani Zora Neale Hurston, "Sweat", yaani Jasho, ya mwaka 1926.

Delia amefua nguo za watu miaka 15. Nyumba ni jasho lake. Mumewe Sykes humpiga, kisha anamletea nyoka. Wasomaji hubishana juu ya mwisho, nyoka anapomuuma Sykes mwenyewe na Delia asimsaidie. Sisi tulikwama mapema zaidi: Delia amehamia kanisa jingine ili asishiriki Chakula cha Bwana pamoja na mumewe. Hurston hasemi kama mchungaji wa kule alikotoka aliuliza sababu. Sisi tungeuliza?