Sura ya Liyongo na Ndevu za Thor

Msomaji, msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu huuvuka mto Tana karibu na Garsen. Mto huo, wenye urefu upatao kilomita 1,000, ndio mrefu kuliko yote ya Kenya, na maji yake ni mazito kwa udongo ulioletwa kutoka bara. Kuelekea baharini kuna mji mdogo wa Kipini, na hapo wenyeji huonyesha kaburi ambalo husemwa kuwa ni la Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi na mashairi ya pwani yetu. Jina lake lajulikana na wengi. Sura yake haijulikani na yeyote. Wazee wetu walimhifadhi kwa maneno, wala hawakumhifadhi kwa picha. Hata Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyeuandika utenzi wa Liyongo mwaka 1913, alikuwa mchongaji hodari wa mbao. Lakini shujaa huyu alimchonga kwa beti.

Katika zama zetu imetokea sanaa mpya ya uchongaji. Mchongaji wa leo hana patasi wala tezo, ana kompyuta. Huanza na umbo kama tonge la udongo lionekanalo katika kioo, akalivuta hapa na kulibonyeza pale mpaka likawa kichwa, mabega na viungo. Kisha hulifunika kwa wavu wa vipande vidogo vya pembe nne, akalipaka rangi ya ngozi, akaliotesha nywele, na mwisho akalitia mifupa ndani ili liweze kutembea katika mchezo au filamu. Programu iitwayo Blender, ambayo hutumika kwa kazi hii, hupatikana bila malipo. Kwa hiyo kijana wa Garsen mwenye kompyuta na subira aweza kujifunza sawa na kijana wa London.

Wanafunzi wa sanaa hii hupenda sana kuwachonga miungu wa kale wa kaskazini ya Ulaya, na hasa Thor, mungu wa ngurumo: kifua kama ngome, nyundo mkononi, ndevu hadi kifuani. Sina ugomvi na chaguo hilo. Swali langu ni hili: kijana wa Tana akisha kujifunza kwa Thor, kisha akataka kumchonga Liyongo, je, yatosha kuuchukua mwili ule ule, kuubadili rangi na kuuvika kikoi? Nasema haitoshi, na naomba nafasi ya kutoa sababu.

Kwanza, tumtazame Thor mwenyewe. Habari zake nyingi tumezipata kwa Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland aliyekusanya hadithi za miungu hiyo karibu na mwaka 1220, na katika masimulizi ya kale ya nchi ile Thor ana ndevu nyekundu. Lakini mwaka 1962 kampuni ya Marvel ya Marekani ilipomwingiza katika vitabu vyake vya picha, ilimpa nywele za rangi ya dhahabu na kidevu kisicho na ndevu. Picha ile ilienea, na watu wengi duniani wakadhani ndiyo asili. Miaka 60 baadaye, mwaka 2022, ulitolewa mchezo wa kompyuta uitwao God of War Ragnarök, na wachongaji wake wakamrudishia Thor ndevu zake nyekundu, wakamwongezea na tumbo kubwa la mla na mnywa. Baadhi ya watu walishangaa, wakasema huyu siye Thor wanayemjua. Waliyemjua alikuwa wa mwaka 1962.

Hapo pana fundisho. Maneno huacha mlango wazi, picha huufunga. Kila asikiaye utenzi hujichongea Liyongo wake moyoni, lakini sanamu moja ikipendwa, Liyongo elfu hufa na mmoja hubaki. Basi mchongaji wa kwanza atakayependwa atakuwa na madaraka makubwa kuliko ayafikiriavyo.

Sababu ya pili ni mwili. Silaha ya Thor ni nyundo, na nyundo yataka mikono minene na kifua kizito. Silaha ya Liyongo ni uta. Kumbuka hila ya makoma: maadui zake walipanga kila mtu apande mkoma kwa zamu yake, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu, hana pa kukimbilia. Zamu ilipofika hakupanda. Alisimama chini, akavuta uta, akayaangusha makoma kwa mshale. Mikoma ingali inaota katika bonde la Tana. Mtazame mmoja urefu wake, nawe utapima nguvu za mkono ule na ukali wa jicho lile. Mwili wa mpiga uta ni mabega mapana, mgongo ulioshiba, mikono mirefu na shingo tulivu. Mchongaji ampaye Liyongo misuli ya mwenye nyundo amempa nguvu akamnyang'anya akili, na akili ndiyo iliyomwokoa.

Sababu ya tatu ni ukubwa na haiba. Utenzi wasema alikuwa mrefu na mpana, mwenye haiba, na kwamba watu walikuja kumtazama. Hauhesabu nywele. Badala yake watuonyesha mkoba wake: ndani yake mlitoka kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu, na mafiga ya kutelekea! Hii ni hekima kubwa ya sanaa. Ukubwa hauonekani pasipo kitu cha kulinganishia. Jitu lililosimama peke yake katika kioo kitupu ni sawa na mtoto aliyesimama peke yake. Lakini weka kinu cha kawaida kandokando ya mkoba wake, na mtazamaji atastaajabu bila ya kuambiwa. Haiba nayo haikai katika ngozi ya mtazamwa, bali katika macho ya watazamao. Atakaye kuichonga haiba ya Liyongo na awachonge kwanza wale walioingiwa na hofu walipomwona.

Na hapa niseme neno juu ya ndevu. Sisemi Liyongo asiwe nazo. Nasema ndevu zina hatari ya kuwa maficho. Kidevu na mdomo ni sehemu ngumu za uso. Humo ndimo zikaamo huzuni, dharau na huruma. Mchongaji asiyeziweza huzifunika kwa msitu wa nywele, nasi tukasifu nywele. Liyongo alipokuwa kifungoni, mama yake alimpelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani, kwa mkono wa kijakazi Saada, naye akaikata minyororo huku watu wakipiga ngoma na kuimba nje. Wakati ule mdomo wake ulikuwa ukiimba na mikono ikifanya kazi nyingine. Uso wa mtu aimbaye ili sauti ya tupa isisikike si uso wa hasira. Ni uso wa mtu mwenye siri. Nani atauona chini ya ndevu za kuazima? Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri.

Sababu ya nne ni nzito kuliko zote. Liyongo aliuawa na mwanawe mwenyewe, aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Mama wa mtoto huyo, utenzi wasema, alikuwa wa kabila lililoitwa zamani Wagala, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Jamaa zao wa bonde la Tana leo ni Waorma. Sasa fikiri, msomaji. Katika mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 ugomvi wa wafugaji Waorma na wakulima Wapokomo katika nchi hii hii ya Garsen uliua watu zaidi ya mia moja. Mchongaji akimchonga msaliti na kumpa sura ya kabila moja, uovu ukaandikwa puani na kwenye mashavu, sanamu yake haitakuwa mchezo tena. Itakuwa kuni juu ya makaa.

Wala utenzi haukusema hivyo. Shauri la kuua halikutoka kwa jamaa za mama. Lilitoka kwa Sultani wa Pate, aliyemwahidi kijana uwaziri na binti yake wa kuoa. Baada ya tendo lile kijana hakupata raha Pate, wala hakupata kimbilio kwa ndugu za mama yake. Uovu wake ulikuwa tamaa, na tamaa haina kabila. Zaidi ya hayo, kijana huyu ni damu ya baba yake. Mchongaji msomi angempa macho ya Liyongo, ili mtazamaji aone kwamba mkono ulioshika sindano ulikuwa sehemu ya mwili ulioichoma.

Swali la mwisho ni mkao. Sanamu za Thor aghalabu husimama wima, nyundo juu, tayari kupiga. Liyongo alipochomwa aliamka, akashika uta wake, akaenda nje ya mji karibu na kisima, akapiga goti, akatia mshale utani, na katika hali hiyo akafa. Watu hawakuthubutu kuteka maji. Mama yake aliletwa kumbembeleza kwa maneno, naye hakujibu. Siku zilipita, mwili ukaanguka, ndipo walipojua kwamba walikuwa wakimwogopa maiti. Hilo ndilo umbo la Liyongo: goti moja chini, uta umevutwa, na kwa mbali mama mwenye mikono mitupu. Sidhani kwamba hadithi nyingi zina mkao bora kuliko huo.

Basi, kijana wa Tana, jifunze kwa Thor kama mwanafunzi wa useremala ajifunzavyo kwa kiti cha mwenziwe. Jifunze mifupa, jifunze mwanga, jifunze hata ndevu. Lakini siku utakapomwendea Liyongo, ifunge kompyuta kwanza na uufungue utenzi. Soma mpaka umwone. Kama hujamwona, usichonge. Maana utakachokichonga watoto wa wenzako watakikumbuka baada ya wewe kukisahau.