Boriti Ndiyo Kipimo

Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zilipimwa kwa boriti. Boriti ni gogo la mkoko, na lile lililonyooka vya kutosha kubeba sakafu halizidi sana mita 3. Basi upana wa chumba ukaamuliwa msituni, na urefu wake ukaamuliwa na mfuko wa mwenye nyumba. Mgeni akiingia huona ushoroba. Mhandisi huona hesabu iliyokwisha kufanywa. Majahazi yalipeleka boriti hizohizo hadi Ghuba, na vyumba vya kale vya huko navyo ni vyembamba.

Ukuta ni wa matumbawe na chokaa, unene wake hukaribia nusu mita. Jiwe hilo huvumilia kugandamizwa, si kuvutwa wala kupindwa, ndiyo maana kuta ni nene na milango si mipana. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa ikomae. Hukaza taratibu kwa kunywa hewa, kwa hiyo nyumba ikititia kidogo ukuta hufuata, na ufa mwembamba huweza kujiziba wenyewe. Saruji haina subira hiyo. Ikipakwa juu ya matumbawe hufungia unyevu ndani, na chumvi hula jiwe nyuma ya lipu inayong'aa.

Adui mkubwa ni maji ya dari. Yakipenya hushukia kwenye kichwa cha boriti, ile sehemu iliyozama ukutani, pasipoonekana na mtu. Ukiitazama kutoka chini boriti ni nzima. Ndani ya ukuta imekwisha kuwa unga. Juu ya boriti kama hizo siku hizi huwekwa tangi la lita 1,000, yaani tani nzima ya maji, mzigo ambao fundi wa zamani hakuuhesabu kabisa.

Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilithubutu zaidi: nguzo za chuma ziliruhusu baraza pana kuzunguka ghorofa zake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka huku ukarabati ukiendelea.

Kuokoa nyumba hizi ni kazi ya sikio kwanza. Fundi hugonga boriti karibu na ukuta. Mlio mkavu ni wa mti mzima, mlio mzito humfanya achimbue jiwe atazame. Sakafu huegemezwa kwa mirunda, boriti mbovu hutolewa moja tu, mpya huingizwa, tundu hujazwa mawe na chokaa, ndipo inapofuata ya pili. Lipu hupakwa nyembamba na kunyunyiziwa maji isikauke kwa pupa, na mkono wa pili husubiri wa kwanza ushike, hata kama mwenye nyumba ameshauliza mara tatu atahamia lini.